Dawa ya Mbuzi Mwilini Mwangu

Jumanne, 4 Februari. Kakuma.
Mbuzi kumi na wanane wamefika wote. Wawili wamechechemea tangu Namoruputh lakini wako hai. Bahati, mchinjaji Mkongo wa kambini, rafiki yangu, amewachukua wote. Nikaoga nyuma ya bucha yake kwa nusu ndoo. Hapo ndipo nikajiona.

Nimechukia. Chini kule, punje nyeupe ndogo ndogo kwenye ngozi, kama mtama uliomwagika. Vipele vyekundu niliponyoa Ijumaa kwa wembe butu. Na kidonda kimoja, cha mviringo, kigumu pembeni. Hakiumi hata nikikibonyeza. Punje ndizo zimenitia kichefuchefu. Mimi niliyelala hoteli za Nairobi, Kitale mpaka Moroto, leo nimeota mtama.

Bahati amenichomea maini. Nimeyaacha.

Ijumaa, 7 Februari. Lodwar.
Nyumbani. Mke wangu Akiru ana mimba ya miezi sita na anatembea kama chifu. Amenisalimu kwa Kiturkana, ejok, akacheka kwamba nimekonda. Nimesema ni jua.

Najua vimetoka wapi. Mwezi jana lori liliharibika Kalemng'orok, siku mbili. Kulikuwa na mwanamke anayeuza chai, na mimi na huu mdomo wangu mtamu. Sikutumia mpira. Nilijiambia mwanamume aliyetembea dunia haogopi. Upuzi mtupu. Nikaja nyumbani nikalala na mke wangu kama kawaida. Hilo linanichefua kuliko punje.

Kliniki siendi. Muuguzi mmoja pale ni jirani yetu. Na dawa ninayo: ile ya zambarau ya kupuliza, ya vidonda vya mbuzi. Imeponya kwato, imeponya viwele. Mimi ni nani hata ishindwe kwangu.

Jumamosi, 8 Februari.
Moto. Moto kabisa. Nimekaa ndani ya beseni la maji kama bata, nikiuma taulo Akiru asisikie. Huko chini kumekuwa rangi ya joho la askofu.

Jumatatu, 10 Februari.
Ngozi inatoka kama maganda ya viazi vya kuchemsha. Inanuka dawa na jasho. Inzi wamenijua. Nalala kwenye mkeka, nimesingizia mgongo. Akiru ameukanda huo mgongo usiouma, akiwa na tumbo lake lile, mpaka akachoka. Sijawahi kujiona mchafu hivi, na nimeshalala zizini.

Jumatano, 26 Februari.
Kidonda kimekwisha! Pamebaki alama tu. Madaktari wa Nairobi waje wasome kwangu, mimi wa darasa la sita. Punje bado zipo, zinanitazama. Nazo nitazipulizia tena.

Ijumaa, 28 Februari. Kakuma.
Nimemsimulia Bahati yote, na maigizo juu: beseni, taulo, askofu. Nilitaka acheke. Ameweka kisu chini. Akauliza kama kidonda kiliuma. Nikasema hata kidogo. Akauliza mimba ya Akiru ina miezi mingapi.

"Mi pia nilicheka vile, ndugu," akasema. "Kidonda yangu ikapona yenyewe. Mtoto yetu akazaliwa bila pumzi."

Akarudi kukata nyama. Miaka minne namjua mtu huyu, sikujua.

Jumatatu, 3 Machi. Lodwar.
Kliniki. Jirani muuguzi alikuwepo, akanisalimu, akaendelea na kazi yake. Daktari ni msichana, umri wa binti yangu kama ningemzaa mapema. Nikaanza mzaha wa askofu kuficha aibu. Hakucheka wala hakukunja uso. Akavaa glavu, akawasha tochi, akanigeuza kama ninavyogeuza mbuzi sokoni. Kila mbuzi ninayenunua namfungua mdomo, namwinua mkia. Mwili wangu mwenyewe nimeuogopa mwezi mzima.

Punje nilizozichukia hazina neno. Ni za ngozi tu, watu wengi wanazo, haziambukizi, nisizikwaruze. Vipele vilikuwa vya wembe. Makovu nimejichoma mwenyewe.

Kisha akanitoboa kidole. Virusi vya ukimwi hakuona, ila nirudi nipimwe tena. Kaswende ninayo. Ni kile kidonda kisichouma, ambacho hata sikukijali. Hupona bila dawa yoyote, ugonjwa ukabaki kwenye damu. Dawa ya mbuzi haikuponya kitu.

Nikamuuliza mtu atajuaje sasa. Akasema kidonda, kiume kisiume, njoo. Malengelenge, usaha, uvimbe kinenani, vinyama vinavyoongezeka, njoo. Muwasho unaozidi usiku na kushika nyumba nzima pia. Kitu kipya usichokielewa, njoo kabla hujapaka chochote. Mwenye mimba ndiye asicheleweshwe hata siku. Ningefurahi kama angenigombeza.

Sindano mbili, kila tako yake. Nisimguse mke mpaka aseme yeye daktari. Na nimlete upesi.

Nimempigia mwanamke wa chai. Amenitukana mpaka babu yangu. Halafu akauliza aende kliniki gani.

Jumanne, 4 Machi.
Nimemwambia Akiru asubuhi, akichambua maharagwe. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanitoka ovyo. Aliendelea kuchambua muda mrefu.

"Ulinilalia ukijua?"

Nikasema nilijua nimetoka nje, ugonjwa sikujua. Akatema mate karibu na mguu wangu.

"Mtoto kwanza," akasema. "Wewe utangoja zamu yako."

Jana usiku sikulala, leo sitalala.

Jumatano, 5 Machi.
Kliniki, mimi nyuma yake hatua kumi, alivyotaka. Kipimo chake hakikuonyesha kitu. Daktari amesema huenda ni mapema mno kuonekana, na kwa sababu nimemlalia, lazima adungwe leo hii, na atapimwa tena. Amedungwa. Wakasikiliza moyo wa mtoto kwa mashine yao. Akiru hakutaka niingie. Nilisikia kupitia mlango: tuku tuku tuku, haraka, kama mbuzi mdogo anayekimbia. Nimelia mbele ya wanawake wajawazito saba. Mmoja amenipa leso, akasogea mbali kidogo.

Jumapili, 9 Machi.
Joto la mchana. Hakuna upepo. Akiru amelala kitandani kwa ubavu, mimi kwenye mkeka mlangoni. Nimepika, amekula. Nimefua nguo zake na zangu, majirani wametazama, watazame tu. Siku tano hajanisemesha ila ya lazima.

Saa tisa hivi akaweka mkono tumboni. Akasema, kwa ukuta, si kwangu:

"Anacheza."

Nikasema asante. Nikakaa pale pale.