Usiuze Maksai, Mama

Nkuhungu, Dodoma
Novemba

Mama yangu mkwe,

Shikamoo, Mama. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, goti limetulia, na shemeji Lameck atakusomea polepole bila kuruka mistari kama kawaida yake. Sisi huku wazima. Mjukuu wako ananyonya mpaka ananichosha, mashavu yamejaa, hutaamini ni yule njiti aliyetoshea viganjani.

Kwanza kabisa: usiuze maksai. Kama mnunuzi ameshafika hapo Kibakwe, mpe uji anywe, aende zake. Bima imekubali kulipa hospitali yote! Ningepiga simu, lakini yaliyobaki si maneno ya simu, utaona mwenyewe.

Uliambiwa kwamba bima ilikataa kwa sababu tulichelewa kumwandikisha mtoto, na tulichelewa kwa kuwa tulingoja jina kutoka kwako. Najua lilikuuma. Lameck alisema ulisusa hata kula, ukidai jina ulilotoa ndilo limeleta deni na maksai wako ndio watakaolilipa. Sasa mvua ikinyesha ungelima na nini, Mama? Tena kosa si lako. Mjukuu wa kwanza anapewa jina na bibi mzaa baba, na bibi hakurupuki. Nyemo, furaha, ni jina la kungojewa.

Mwanao Sila, nisamehe lakini nitasema, alinywea. Mwanaume mzima, karani wa serikali, kila nikimwambia twende tukapinge, anasema tulipe tu yaishe. Tulipe kwa nini, kwa ubuyu? Nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda mwenyewe ofisi za bima.

Dada wa dirishani, Aneth, ana kucha ndefu na maneno mafupi. Alisema mtoto Nyemo hawakumjua mpaka alipokwisha kutoka wodini, madai yamechelewa, basi. Nikamwambia sitoki. Nikakaa kwenye benchi lao, nikanyonyesha, mtoto akalia, nikanyonyesha tena. Mwisho akachoka yeye, akamwita mkubwa wake, Bwana Mudrick. Huyo akasikiliza mpaka mwisho, akashangaa hospitali ilikaaje kimya muda wote ule bila kuwapa taarifa. Ndipo akaniuliza swali ambalo Sila alikuwa akiliogopa: je, mtoto huyu amewahi kuitwa jina jingine?

Nikasema ndiyo.

Mama, siku ya pili baada ya kujifungua, mchana kweupe, mtoto aliacha kupumua. Sila alikuwa kazini. Niliogopa, sijawahi kuogopa vile. Muuguzi Frida alimhangaikia mpaka pumzi ikarudi, kisha akaniambia kama sisi ni Wakristo tumbatize palepale, asije akatutoka hivihivi. Akachukua maji, akaniuliza jina. Sikukumbuka mila, wala kwamba kazi hiyo ni yako. Nikataja. Hospitali ikawaarifu bima kwa jina hilohilo, siku ileile. Bwana Mudrick alipolitafuta, akaliona. Taarifa ilikuwa imewahi kabisa.

Jina ulilotuma lilipofika, Sila alimwandikisha Nyemo kana kwamba ni mtoto mpya, akanisihi ninyamaze. Aliona afadhali kulipa deni kuliko wewe usikie kwamba ulitanguliwa. Nami nilinyamaza. Niliposikia habari za maksai, nikashindwa.

Jina nililotaja ni Zipora. Lako, Mama. Nilitaka jina la mtu mbishi, asiyekubali kuondoka kirahisi, na mimi sijaona mbishi kama wewe. Usikasirike. Au kasirika, lakini uje unikasirikie hapa, ukiwa umempakata.

Kadi yake mpya ya bima imeandikwa Zipora Nyemo. Akishiba ni Nyemo, analichekea dari. Akishikwa na njaa ni Zipora, na Nkuhungu nzima inajua.

Sila anakusalimu kwa mbali, bado anaogopa. Msalimie Lameck, mwambie asante kwa kukusomea, na hapo juu kwenye ubishi asipunguze neno. Maksai wapumzike, wana kazi mbele yao.

Mimi mkweo, mtiifu siku nyingine zote,

Jenifa