Shokapu Alizozifunga Mjomba Orval

Butte, Montana
3 Mei 1996

Kwa mpwa wangu Rowena,

Salamu. Huku tu wazima, ila goti langu linalalamika kila wingu likipita. Natumaini nawe mzima, ingawa kahoma kadogo kangekurudishia adabu. Umenikatia simu mara mbili, basi nashika kalamu.

Mama yako kaniambia umezifungua shokapu za mbele za pikipiki niliyokupa. Umezifungua! Kwa ruhusa ya nani? Kwetu chamani, sisi waendesha pikipiki wa Butte, kazi aliyoifunga mtu haifunguliwi mpaka mwenyewe aseme. Hata marehemu babu yako, aliyegombana na kila mtu Butte, hakuvunja sheria hiyo.

Shokapu zile zina maili laki moja na themanini elfu, na nilizifanya upya kwa mikono hii. Mwaka juzi elki dume, yule paa mkubwa wa misitu ya huku, alinirukia barabarani, mzito kama jokofu lililojaa. Shokapu zikabonyea, zikamrudisha msituni, akasimama kule akinitazama kama anayetaka kuomba radhi. Sasa wewe na kitabu chako cha ufundi cha maktaba ndio mnifundishe mimi!

Zirudishe kama zilivyokuwa.

Mjomba wako,
Orval

*

Spokane
9 Mei 1996

Mjomba Orval,

Shikamoo. Msalimie mkaza mjomba Thelma, na goti lipoe. Mimi mzima, na huo uzima si kwa juhudi zako.

Nilikuwa nateremka mlima wa Lolo, mbele yangu lori la magogo. Nikakamata breki, pua ya pikipiki ikazama mpaka chini ikagonga chuma, na breki yenyewe haikushika. Nilipita kati ya lori na ukingo wa barabara, nafasi ya mlango wa choo. Nikasimama kwenye nyasi. Nilipoangalia, diski ya breki ilikuwa inang'aa mafuta ya shokapu.

Ndiyo, nikafungua. Bushi, zile pete za ndani, zimelika mpaka shaba inaonekana. Mafuta meusi, yananuka kama samaki aliyesahaulika, tena mazito kama asali, uliyatia ili kuficha ulegevu. Juu ya springi umeweka kipande cha bomba la plastiki la maji ya jikoni, nalo limepasuka. Na yale mashimo ya kutu kwenye chuma umeyaziba kwa rangi ya kucha! Imebanduka, imechana sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, ndipo mafuta yakamwagikia breki.

Uliniambia umebadilisha kila kitu. Ulinidanganya, Mjomba.

Rowena

*

Butte
14 Mei 1996

Rowena,

Salamu fupi, maana damu inanichemka. Goti baya zaidi, na sababu ni wewe.

Bomba la maji kila mtu anatumia! Rangi ya kucha kila mtu anatumia! Wewe kuendesha umejifunza juzi, mimi nimevuka majimbo yote mawili ya Dakota katika mvua ya mawe makubwa kama mayai ya bata mzinga, sikuinamisha kichwa. Kazi hiyohiyo nimeifanya kwa pikipiki kumi na saba, hakuna aliyelia. Majira ya baridi yaliyopita nimemfanyia Elwood Pascoe, rafiki yangu wa tangu mgodini, na tarehe nane Juni anampakia mkewe Hester kwenda Alaska. Elwood hana kitabu. Elwood ana shukrani.

Mjomba,
Orval

*

Spokane
17 Mei 1996

Mjomba,

Shikamoo. Sina maneno mengi ya afya leo.

Niliposoma jina la Hester niliiacha chai yangu mezani. Nikampigia Elwood. Akanicheka: "Binti, aliyezifunga ni Orval. Orval akisema fungua, nafungua. Wewe kalale." Nikamweleza habari ya Lolo. Akasema nina breki za kike.

Sheria yenu hiyo. Sasa wa kusema ni wewe peke yako. Mwambie. Na uniambie kweli, ni pikipiki ngapi?

Rowena

*

Spokane
31 Mei 1996

Mjomba,

Wiki mbili kimya. Mkaza mjomba anasema u mzima, unakula, unapiga hadithi kwenye baa.

Zimebaki siku nane. Ikiwa haya zako ni kubwa kuliko upendo wako kwa Elwood, niandikie hivyo kwa mkono wako, nijue mjomba niliye naye.

Rowena

*

Butte
6 Juni 1996

Rowena,

Natumaini mzima. Mimi hivyohivyo.

Nilikwenda kwa Elwood leo asubuhi. Mabegi yalikwisha kufungwa. Nikamwambia, "Elwood, fungua shokapu." Akacheka. "Elki gani tena leo, Orval?" Nikarudia. Akamwita Hester aje asikilize kichekesho. Ilibidi niseme mara tatu, nikataja bomba, nikataja rangi, ndipo akaacha kucheka.

Tukafungua. Bomba lilitoka vipande viwili. Hester akapitisha ukucha wake kwenye chuma, rangi ikatoka kama ganda la kidonda. Akasema, "Orval, kiti cha nyuma kilikuwa changu." Basi. Elwood hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alinionyesha lango kwa kidole. Pikipiki yake atakuletea wewe kwa gari Jumamosi uitengeneze, mimi hataki niiguse tena. Kwa hiyo furahi.

Si kumi na saba. Ni nne: yako, ya Elwood, yangu, na ya Gurney Hocking wa Anaconda, yule mjane wa chamani anayetembea peke yake. Gurney aliondoka jana kuelekea mashariki. Dada yake anasema usiku huu analala Miles City, kesho anaendelea kwa njia ambayo hata dada huyo haijui.

Nimejaza tangi la pikapu, namfuata. Posta itachelewa, kwa hiyo barua hii namwachia Thelma akusomee kwa simu sasa hivi; safari hii usikate. Nimekukasirikia bado, usidhani imekwisha, una mdomo mchafu kama mama yako. Lakini ukipiga simu kwenye moteli za Miles City kabla sijafika, mwambie Gurney asiwashe pikipiki. Mwambie Orval ndiye aliyesema.

Mjomba wako,
Orval