Mstari Niliokuwa Nikiumeza

Kijiji cha Ulaya, Kilosa
27 Novemba

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Ndaki,

Shikamoo Baba. Nakuamkia kwa magoti, ingawa kutoka huko Magu huwezi kuyaona. Pole tena kwa msiba wa shangazi. Kifua kinaendeleaje? Na hao wajukuu wa huko wanakuachia kiti chako, au wamekwisha kukipora? Sisi ni wazima. Mama anakusalimu sana na anauliza kama lile koti la sufu umelivaa hata siku moja, au bado liko kwenye begi kama alivyolikunja.

Nimeandika kwa sababu simu yako hupokelewa na kila mtu, tena wanaiweka spika. Haya si maneno ya spika. Nimempa Cleopa, anayesafiri kuja huko, akupe mkononi, na nimemwapisha asifungue.

Nianze na furaha. Doris amejifungua mtoto wa kike, mnono, mwenye sauti kama yako unapofukuza mbuzi. Lakini mdogo wangu nusura tumpoteze. Damu ilimtoka sana, tukamkimbiza hospitali mjini Kilosa. Nesi akatoka akauliza ndugu wa mgonjwa wako wapi, wapimwe damu. Yangu haikulingana. Mama wakamwambia umri umepita. Mume wake alikuwa bado yuko njiani. Nikakaa kwenye benchi nikilia, sikuona hata aibu.

Ndipo akaingia Saitabau. Ndiyo Baba, huyo huyo. Mke wake Seleina ndiye aliyekesha na Doris nyumbani, akampigia mumewe simu mnadani, naye akaacha ng'ombe wake wakiwa hawajauzwa. Nesi akamtazama na shuka lake la Kimasai, akatutazama sisi, akamuuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Akasema ni ndugu. Nesi akataka kujua ni wa upande wa baba au wa mama. Saitabau akajibu, "Ndugu tu." Damu yake ikafaa. Daktari anasema bila ile, leo ningekuwa nakuandikia mengine.

Najua hapo umekunja uso. Nakujua, mzee wangu. Nakumbuka ule mkutano wa kijiji, mwezi ule ng'ombe wake walipomaliza mahindi yetu. Ulisimama ukavua kofia ukasema, "Ndugu zangu wanakijiji, na wewe Saitabau." Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi pia nilicheka. Yeye alitazama chini tu.

Baba, unakumbuka nilivyokuaibisha kwenye mafundisho ya komunyo? Katekista aliniambia nisimame nitaje imani yangu. Wenzangu wote walikuwa wameshika sala ya Nasadiki. Mimi nikakaza shingo nikasema, "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja," nikaendelea na ahadi za TANU hadi mwisho, maana nyumbani kwetu hiyo ndiyo ilikuwa imani. Kila siku ya Uhuru ulitupanga uani, wali haupakuliwi mpaka wote tumeapa. Katekista alipokuja kushtaki, ulimwambia mtoto hajakosea sana. Jioni ukatueleza kwamba uhuru ulianza kama sala. Kabla bendera haijashushwa, watu maskini walisimama vumbini wakaapa kwamba hakuna mtu mdogo, na kwamba Mungu alisikia kiapo kile kabla ya mkoloni kukisikia. Nilikuamini. Mpaka leo nakuamini.

Sasa nisikilize, tena ukae kwanza.

Siku ya Uhuru ya mwaka juzi na ya mwaka jana, tulipofika kwenye ule mstari wa "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko," nilikohoa. Ukanipa maji, ukaniambia nipunguze vumbi la sokoni. Baba, sikuwa na kikohozi. Mstari ulikuwa unakataa kutoka.

Ile miiba ya kuziba ua wa shamba, upande wa mto, niliitoa mimi. Ilikuwa siku ya gulio, nilikuwa nimechelewa, nikaona nikipita shambani na baiskeli nitakata njia. Nikasema nitaiziba nikirudi. Nilirudi nikakuta mahindi yamelala na wewe umeshika kichwa, unaapa kwamba Mmasai amefungua ua wetu makusudi. Nikaogopa. Nikanyamaza siku moja, kisha wiki, na baadaye nikaona haya kusema nimechelewa kusema.

Saitabau alikuwa anajua. Aliona alama ya tairi kwenye mwanya. Nilimuuliza pale hospitali kwa nini hakunitaja. Akasema, "Ng'ombe walikuwa wangu, na walikula. Ningeanzaje kumshtaki binti kwa baba yake?" Nililia upya, Baba. Mtu tuliyemtoa kwenye undugu mbele ya kijiji kizima ndiye aliyekuwa akinifichia aibu.

Juzi mwenyekiti wetu, Mzee Melkizedek, ameniambia barua yako imefika, ile ya kuomba boma la Saitabau liondolewe kijijini, na itasomwa kwenye mkutano wa Jumamosi. Nimekwisha kumwambia kweli yote. Amesema barua ni yako, hawezi kuichana, lakini nikitaka kusema, niseme. Nitasema. Nitasimama pale pale uliposimama wewe, na wanaotaka kucheka wacheke. Sikuombi ruhusa, Baba, na hilo linanitetemesha kuliko mkutano wenyewe, kwa sababu sijawahi kufanya jambo bila ruhusa yako isipokuwa lile moja la miiba.

Msalimie baba mdogo na wote walioko msibani. Mama anasema usibebe dagaa wengi, begi litanuka. Doris hajampa mtoto jina, anasema anakusubiri wewe, na hataki kusikia la mtu mwingine.

Ukikasirika usinijibu kwa barua. Panda basi, uje unikasirikie hapa nyumbani.

Ni mimi binti yako, nikupendaye,
Coletha Ndaki