Sufuria Iliyotengwa kwa Ajili ya Irene

Kamwene, Mama.

Nimerudi Iringa tangu Ijumaa. Leo ni Jumatatu, na chakula nilichokula jana bado kinanirudia kooni. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe pekee utakayeelewa jinsi mtu anavyoweza kuumwa na chakula ambacho wenzake wote wanakisifu.

Ulizoea kuniambia nitoe habari kwanza, malalamiko baadaye. Basi habari ni hizi. Nimehitimu. Kule Mbeya walinivisha joho na kofia, nami nikapigwa picha nikiwa nimenuna, kwa kuwa kiti kilichokuwa kando ya Baba kilikuwa kitupu. Baba amestaafu kiwandani Mgololo, akahamia nyumba yetu ya hapa mjini; anafungua redio asubuhi na kuizima jioni, na ukimuuliza imesema nini, hajui. Kaburi lako limekwisha kujengewa. Jumamosi hii Padre atakuja kulibariki, ukoo wote utakuwepo, Wahehe wa kwa Baba na Wabena wa kwenu, na mimi nimekabidhiwa kazi ya kuandika na kuusoma wasifu wako.

Wasifu huo ndio ulionipeleka jana, baada ya misa, kwenye mgahawa wa Kiitaliano uliofunguliwa Gangilonga. Shangazi Modesta alisema ni lazima ampongeze msomi wa ukoo, na papo hapo tuzungumze habari za Jumamosi. Nilitaka kukataa. Baba akaniangalia tu, nikavaa viatu.

Sina ugomvi na Waitaliano, Mama, wala na upishi wao. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba chakula cha watu wengine ni fikra za watu wengine, na kwamba anayekibeza bila kukijua anajibeza mwenyewe. Lakini nilichukia kila kitu mle ndani tangu mlangoni. Nilichukia vitambaa vya meza vya drafti nyekundu na nyeupe, na tanuri la kuni lililojengwa mbele ya wateja ili wamtazame mpishi akitokwa na jasho. Nilichukia jibini iliyonuka kama soksi za bweni. Meza ya jirani mzee mmoja alikuwa akizungusha tambi kwenye uma, akizungusha, akizungusha, mafuta yakimchirizika kidevuni, na mkewe akimpiga picha kwa simu. Nikajiuliza ni nani aliyewaambia watu wazima kwamba hiyo ndiyo raha.

Irene alikuwepo, yule binti wa Shangazi aliyekwenda kusoma ng'ambo. Amerudi mwembamba na mwenye sauti ya taratibu. Alipopewa menyu hakuisoma; aliigeuza moja kwa moja hadi ukurasa wa mwisho, ambako wamechora suke la ngano na kulikata kwa mstari mwekundu. Huo ni ukurasa wa vyakula visivyo na gluteni. Nakueleza kwa sababu hukuwahi kulisikia neno hili, ingawa uliishi nalo tumboni maisha yako yote: gluteni ni kile kitu kilichomo ndani ya ngano kinachoufanya unga ukikandwa uvutike. Wapo watu ambao miili yao haikivumilii kabisa. Irene ni mmoja wao. Alipimwa huko huko, akatajiwa jina la maradhi yake, akaambiwa asiiguse ngano tena.

Mhudumu, dada mmoja wa Makambako, mpole, aliinama na kumwambia, "Usiwe na wasiwasi, dada yangu. Tambi zako ni za unga wa mchele, na tunazichemsha kwenye sufuria yake peke yake. Hata kijiko ni kingine. Tumeonywa, unga ukirukia kidogo tu mteja anaumwa."

Sufuria yake peke yake. Jiko zima limejipanga upya kwa ajili ya tumbo la mtu lisiyemjua, na halikumuuliza ana nia gani.

Shangazi akasema, kwa sauti ya kufika meza ya tatu, "Huyu mwanangu tumbo lake halitaki ngano kabisa. Ni tumbo la kisasa." Akacheka kwa fahari. Mama, ni yuleyule Modesta. Ni ulimi uleule uliosema barazani kwake, wewe ukiwa jikoni na unasikia, "Mbena wetu katuletea tumbo la Kizungu." Nilikuwa darasa la sita, na niliwaona wanawake wenzake wakijifuta machozi kwa kicheko.

Irene aliagiza pia kitu kinachoitwa polenta. Kililetwa juu ya ubao, kimekatwa vipande vya pembe nne, kimechomwa kidogo na kumwagiwa uyoga. Irene akatueleza kwamba ni chakula cha wakulima wa kaskazini mwa Italia, hakina gluteni hata chembe. Baba akachukua kipande, akatafuna kwa makini, akameza.

"Huu ni ugali wa jana," akasema.

"Kaka, punguza sauti," Shangazi akamwambia.

Ni hapo tu nilipocheka jana.

Sasa niirudie siku ya kipaimara cha Irene, maana bila siku hiyo hakuna lolote katika barua hii lenye maana. Ulikuwa umeyakataa maandazi ya Shangazi kwenye Krismasi, ukaukataa mkate wake kwenye msiba wa babu, na maneno yalikuwa yamezidi. Kwetu kukataa chakula si habari ya hamu. Ni hukumu. Wifi anayekataa chakula cha wifi yake anamwambia mbele za watu: umenitilia kitu. Na kwa kuwa tuhuma hiyo ni nzito, kuna njia ya kuifuta. Kama anayekukaribisha ulanzi anavyotangulia kunywa yeye ndipo akupe kikombe, ndivyo Shangazi alivyofanya. Alisimama katikati ya ua, akaichukua chapati, akaing'ata, akatafuna, akameza, akaonyesha ulimi. "Wifi, nimeonja mbele ya macho ya watu. Sasa kula." Chapati ikakufikia. Baada ya kuonjwa hivyo, kuikataa kungekuwa kumwita mchawi waziwazi, na ukoo ungegawanyika siku hiyohiyo.

Uliila yote.

Wiki tatu, Mama. Nakumbuka ndoo kando ya kitanda, na vidonda vya mdomoni, na ngozi ya mikono yako ilivyolegea kama nguo ya kuazima. Hospitalini walikupa dawa ya minyoo, kisha ya vidonda vya tumbo, na wewe ukawashukuru. Tangu hapo hukunenepa tena. Sidai kwamba chapati moja ndiyo iliyokuua miaka minne baadaye. Mimi si daktari, na hasira si ushahidi. Nadai kitu kimoja tu: ulikuwa mgonjwa, na hukumtuhumu mtu. Lakini siku tunakuzika, wanawake waliokuwa wakiosha vyombo walisema, nami nikasikia, "Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na dhana mbaya na watu." Hilo ndilo lililobaki la kwako hapa duniani: dhana mbaya na watu. Jumamosi ama nitalifuta mbele ya ukoo wote, ama litabaki chini ya simenti pamoja nawe.

Turudi mezani. Baba, ambaye hujua kunyamaza kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, alimuuliza Irene, "Mwanangu, ukila ngano unakuwaje?" Irene akaeleza bila aibu, kama wanavyoeleza waliokwisha kukaa mbele ya madaktari wengi. Tumbo kujaa na kuharisha. Vidonda mdomoni. Kuishiwa damu. Nywele kukatika. Watu kukudhania una maradhi mengine.

Baba akaweka uma chini. "Ndivyo alivyokuwa," akasema.

Hakutaja jina. Shangazi hakuuliza ni nani. Alitazama sahani yake ya tambi, za ngano, zenye mchuzi mwekundu, akaisukuma mbele kwa kidole kimoja. Kisha akainua uso na kusema, "Jamani, leo tumekuja kufurahi," akamwita mhudumu na kumuuliza habari za vitindamlo.

Tulipotoka, Irene na Baba wakatangulia kwenye gari. Shangazi akanishika mkono pale ngazini. "Baba," akaniambia, maana tangu nizaliwe huniita hivyo kwa heshima ya baba yake, ambaye nimerithi jina lake, "Jumamosi usije ukatia mambo haya ya gluteni kwenye wasifu. Sema aliugua muda mrefu, inatosha. Ukieleza, watu watasema nilimuua wifi yangu."

Unajua nilivyo. Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo tangu kidato cha tano. Nilimweleza kwamba jina la marehemu haliwezi kutolewa sadaka ili walio hai walale vizuri. Nilimwambia kwamba mwanawe ametengewa sufuria na vijiko, na wewe ulitengewa masengenyo. Nilimwambia kwamba fahari yake mle ndani ilinitia kinyaa kuliko kitu chochote nilichokiona tangu tukuzike. Nilisema vizuri, Mama. Sentensi zilikuja zimepangana.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, bila ukali, "Na mkono uliompa ile chapati ulikuwa wa nani?"

Nimeandika hapo juu kwamba chapati ilikufikia. Ni sentensi ya mtu mwoga. Chapati haina miguu. Mimi ndiye niliyeipokea mkononi mwa Shangazi, na mimi ndiye niliyevuka ua nayo. Nilikuwa nimevaa shati jipya la shule, nina miezi miwili kidato cha tano, nimekwisha kusoma mahali fulani kwamba maradhi mengi ya tumbo huanzia kichwani. Wewe ulinong'ona, "Mwanangu, itanidhuru." Nami nikakujibu kwa sauti, ili wazee wasikie jinsi nilivyoelimika, "Ni mawazo tu, Mama. Kula, usinitie aibu."

Hukumtazama Shangazi ulipokuwa unaila. Ulinitazama mimi.

Nilimwacha Shangazi pale ngazini. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikalala mchana kutwa bila usingizi. Nilikuwa nimekwisha kuandika kurasa mbili za wasifu kabla sijatoka Mbeya, na jana jioni nilizisoma kwa mara ya kwanza kama msomaji wa kawaida. Ni kurasa kali, zimejengwa vizuri, na ndani yake Shangazi ametajwa mara tisa. Mimi sikutajwa hata mara moja, isipokuwa kama mtoto aliyefiwa. Nimewahi kuchukizwa na vitabu vibaya, na wanasiasa, na watu wanaokula huku midomo ikiwa wazi. Sikuwahi kuchukizwa na kitu kama nilivyochukizwa na umahiri wa kurasa zile. Nimezichana.

Nimelifikiria jambo hili leo tangu alfajiri, na sioni njia ya kulipindisha. Shangazi aliing'ata ile chapati kwa sababu jina lake lilikuwa linachafuka, na desturi ilimpa njia hiyo moja ya kulisafisha. Hakujua kinachokuumiza. Sisemi hana hatia: alikucheka, na jana alitaka kukuzika mara ya pili. Lakini mimi ulikuwa umeniambia. Niliambiwa kwa maneno mawili na mtu ambaye hakuwahi kunidanganya, na hakuna desturi yoyote, ya Kihehe wala ya Kibena, iliyonitaka nimshinde mama yangu kwa hoja mbele ya wageni.

Kwa hiyo pokea ahadi hii. Jumamosi, Padre akimaliza kunyunyiza maji, nitasimama kando yako bila karatasi. Nitawaambia kwamba Mama alikuwa na maradhi yenye jina, na nitalitaja jina hilo polepole ili hata bibi zetu walishike. Nitawaambia kwamba hakumdhania mtu vibaya. Alikataa mkate kama aliyeungua anavyokataa moto. Kisha, kabla mtu hajageuka kumtazama Shangazi, nitasema ni nani aliyekubebea chapati na alisema nini. Nitalisema neno langu lile kama lilivyokuwa, kwa sauti ileile niliyoitumia siku ile. Halafu nitanyamaza, na Shangazi akitaka kusema lolote, lawama au utetezi, nitamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Unajua ahadi hiyo ya mwisho itanigharimu kiasi gani.

Lala, Mama. Sikuombi unijibu, wala sikuombi uniambie kwamba haikuwa kitu. Ilikuwa kitu. Ulikula kwa ajili yangu, na mimi nikahesabu kwamba nimeshinda mjadala.

Mwanao,
Festo