"Una Nyundo Ngapi, Mwanangu?"

Mabanga, tarehe 9 Agosti 1955

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tena naomba jina langu usilitaje, kwa maana gazeti likifika huku linasomwa dukani kwa sauti na kila mtu atanijua.

Mimi nimeoa Peris, binti wa Mzee Walubengo, na shida yangu ilianza siku ya posa, wakati mjomba wangu alisimama mbele ya wazee akasema ati mimi ni fundi wa magari Kitale, na mimi nikanyamaza, ingawa kwa haki kazi yangu kule gereji ilikuwa kuosha magari na kuwashikia mafundi spana, na Mzee Walubengo mwenyewe ameendesha lori huko sehemu za Kwanza miaka kumi na minne, akanitazama, akatabasamu, akasema vizuri, nimepata mtoto wa kazi.

Sasa mzee ameleta pikapu yake hapa kwangu, stelingi inacheza, gari inakwenda inakotaka yenyewe, akasema niitengeneze kwa sababu ndiyo itambeba Nakhungu, shemeji yangu, anayeolewa Cheptais mwezi ujao, na atapanda pamoja na mama yake, na wewe unaijua ile barabara ya mlimani na kona zake. Niliona mbaya ni jointi ya stelingi ya gurudumu la kushoto, nikanunua mpya, lakini ile ya zamani imekataa kutoka. Nilichomoa pini, nikafungua nati yote, nikaanza kuigonga boliti yake kutoka chini, na leo ni siku ya nne nagonga, haijasogea hata kidogo, ncha ya boliti imepanuka kama uyoga, kidole gumba changu kimevimba, na Peris ananiuliza kwa upole mbona fundi anatokwa na jasho hivyo.

Kila jioni mzee akitoka shambani anasimama nje ya ua. Haingii, kwa sababu kwetu wakwe ni watu wa kuheshimiana, hawezi kulala chini ya gari kando yangu miguu yetu ikiwa nje, hiyo ni aibu kubwa. Anauliza neno moja tu, "Mwanangu, una nyundo ngapi?" Nami namjibu, "Moja inatosha, Baba." Anaguna, anaenda zake. Mshauri, huyu mzee si ananicheka?

Jana nilifikiri niifunge ile ya zamani kwa waya, niseme imepona, harusi ipite, lakini nikimfikiria Nakhungu na mama yake kwenye ule mteremko nauweka waya chini. Na nikikiri, nitaitwa mwongo mbele ya ukoo wote, na Peris, ninayempenda kabisa, atasema nilimwoa kwa hila. Nifanye nini?

Ni mimi, Mkwe Mwenye Aibu, Bungoma

*

Mkwe Mwenye Aibu,

Umetaka nifiche jina lako, kisha ukataja la mkeo, la shemeji yako na la baba mkwe wako! Haya, nimelificha. Mtajuana wenyewe huko dukani.

Huo waya uutupe chooni leo, kabla hujamaliza kusoma. Uongo wa siku ya posa ulikutia aibu wewe peke yako. Uongo wa waya utaua bibi harusi na mama yake. Nimefurahi kwamba uliuweka chini, maana ungeufunga nisingekuwa na la kukuambia.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukulitazamia kwa mshauri wa ndoa. Marehemu mume wangu alikuwa na lori hapa Kitale, na kila jointi ilipokataa kutoka, nyundo ya pili niliishika mimi. Ndiyo, ya pili! Boliti hiyo imechongwa kama kizibo cha chupa, nene juu, nyembamba chini, na imejibana ndani ya tundu la mkono wa chuma unaogeuza gurudumu. Ukiigonga ncha yake unaiharibu bure. Unaugonga huo mkono wenyewe, ubavuni, pale penye tundu, huku mwenzako ameegemeza nyundo nzito ubavu wa pili. Ukipiga kwa nguvu, mara moja, mara mbili, chuma kinashtuka na kizibo kinaachia.

Kwa hiyo mzee hakucheki, maskini wewe! Anakufundisha. Angesemaje, "Mkwe wangu, hujui kazi," akiwa nje ya ua na binti yake anasikia? Angekuvua nguo. Amelificha neno ndani ya swali, jioni nne, na jioni zote nne umemfungia mlango. Na mtu aliyeendesha lori miaka kumi na minne alijua wewe si fundi kwa kusikia pigo lako la kwanza. Mimi nadhani alijua tangu siku ya posa. Alijua, akakupa binti yake, kisha akakuletea gari litakalombeba yule mwingine. Mtu wa namna hiyo unamwogopea nini?

Anza na Peris. Mwambie leo, kabla ya chakula, maneno yote, hata ya kuosha magari. Atanuna kidogo, mwache anune. Kisha piga tupa ncha ya boliti mpaka nati irudi mizunguko michache, ili jointi isikuangukie usoni. Mwagia mafuta ya taa, iache ilale. Weka magogo imara chini ya ekseli, jeki peke yake si ya kuaminiwa. Nyundo ya pili aishike Peris, na mzee asimame palepale nje ya ua, heshima yake nzima, awaongoze kwa mdomo. Jointi mpya ikishaingia, kaza nati, tia pini mpya, na mzee aliendeshe gari kwanza, polepole, bila abiria. Yeye ndiye atakayesema kama linafaa kwenda Cheptais, si wewe.

Leo jioni atapita tena, atakuuliza una nyundo ngapi. Simama, futa mikono, umjibu ukweli: "Ninayo moja tu, Baba. Naomba ya pili."

Mama Edah, Kitale