Sambaza Zisizong'aa

Kamembe, 2001

Kwako dada Gaudiose, uliyebaki Bukavu na milio ya risasi,

Sisi tuko wazima, na mtoto niliyemzaa mimi, Izabayo, sasa anasikilizwa na bakubwa ba serikali! Kipindupindu kilipoingia, walitaka kukataza samaki wote wa ziwa. Izabayo, mdogo kabisa katika ofisi ya afya, akawauliza: "Bakubwa, mumepima nini?" Basi akapima mwenyewe. Samaki hawana shida. Shida ni maji ya ziwa tunayowanyunyizia sokoni ili wang'ae. Samaki wakaruhusiwa, maji yale yakakatazwa.

Meza ya kwanza aliyoifunga sokoni ni yangu, ya sambaza, samaki wetu wadogo. "Maman, unisamehe. Nikikuacha wewe, nani atanisikia?" Wenzangu wakacheka: "Umezaa polisi!" Nikawajibu: "Na ninyi mumezaa nani?"

Nyumbani nililia, dada. Meza hiyo ndiyo inatulisha tangu baba wa watoto apotee msituni. Sasa nimeifungua tena. Wanaonyunyiza kwa kujificha wananishinda kuuza, lakini mimi sinyunyizi. Nasimama palepale nikiita: "Sambaza za mama Izabayo! Hazing'ai, haziui!"

Mdogo wako mwenye sauti kubwa,
Mukankusi