Nimempa Baba Mkwe Sarafu Bandia, na Kifuniko Hakifungi

Mpendwa Shangazi Mshauri, msaada ninaokuomba nauomba nikiwa nimeinamisha kichwa, maana hata mke wangu sijamwambia, na kama utacheka basi cheka kwanza halafu unijibu, kwa sababu nimefika mahali ambapo kuchekwa na wewe ni afadhali kuliko kuendelea kula mezani kwa baba mkwe nikijua ninachokijua.

Kazi yangu ni ukaguzi wa mizani. Napita sokoni na madukani na mkoba wangu wa mawe ya kupimia, nakagua mizani ya wauza nyama, wauza mchele, wauza misumari, na nikikuta iliyochezewa naibandika karatasi nyekundu mbele ya wateja, na huruma sina, Shangazi, sokoni wananiita Bwana Gramu na jina hilo nilikuwa nalipenda.

Sasa baba mkwe wangu ni karani wa posta aliyestaafu, na baada ya wajukuu kitu anachokipenda kuliko vyote ni sanduku lake la mbao la sarafu za zamani, za fedha yenyewe, yale madini, kila moja ina kishimo chake kilichotandikwa kitambaa, amezikusanya moja moja tangu ujana wake. Kishimo kimoja tu kilikuwa kitupu, cha sarafu yenye simba, na mzee alikuwa akitutania kwamba atakufa na pengo sandukuni kama alilonalo mdomoni. Mimi nikajiapiza kwamba pengo hilo nitaliziba mimi, mkwe wake.

Nikaiona kwenye simu. Picha inang'aa, bei ni nusu ya ile ya wajuzi, na chini muuzaji ameandika kwamba imebaki moja na watu wanaigombania. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akachungulia akasema, "Shemeji, picha ni ya upande mmoja tu. Mwambie akuonyeshe na upande wa pili na ukingo." Nikamjibu, "Wewe uza simenti yako, mambo ya vipimo niachie mimi." Ndivyo nilivyosema, siongezi wala sipunguzi. Yule muuzaji akaniambia tusilipane kupitia wenye soko la mtandaoni, nimtumie yeye moja kwa moja ili tukwepe makato, nami nikatuma.

Ilipofika nikaipeleka ofisini, nikaiweka kwenye ile mizani tunayokagulia mizani nyingine, na uzito ukaja sawasawa na ulioandikwa kwenye vitabu vya wakusanyaji. Basi, nikaishia hapo. Upana sikuupima, unene sikuupima, kwa sababu kwangu mimi kitu kikishapita mizani kimepita. Tena kwa kiburi nikarudi kwenye ukurasa wa muuzaji nikaandika: "Mimi kwa kazi ni mkaguzi wa mizani, nimeipima mwenyewe, ni halali, nunueni bila wasiwasi."

Nikamkabidhi mzee mezani, mbele ya familia nzima. Aliigeuza geuza kwa muda, akaiweka kwenye kishimo, akafunga sanduku, kifuniko kikagoma. Akabonyeza, kikagoma. Akasema, "Mbao zimevimba kama magoti yangu," tukacheka wote. Kisha akaitoa, akaifunga kwenye leso, akaiweka droo ya peke yake, akasema zawadi ya mkwe wake hataki ichanganyike na nyingine. Mke wangu alifuta machozi, na mimi kichwa kikavimba.

Juzi sokoni nikakagua jiwe la kilo la muuza maharage, alilichongesha kwa chuma chepesi kwa fundi wa uchochoroni. Uzito ulikuwa sawa, lakini jiwe lenyewe lilikuwa limenenepa kuliko langu. Nikiwa nimelishika hivyo mkononi, pale pale mbele ya magunia, nikakikumbuka kile kifuniko.

Nikaenda kwa mzee kwa kisingizio cha kupeleka matunda, nikamkuta amelala, nikaifungua leso nikaisimamisha ile sarafu kando ya mwenzake wa sandukuni. Ni nene. Ukingoni ina mshono, na simba wake amefifia kama mchoro kwenye sabuni iliyotumika. Nikairudisha nikatoka bila kuaga.

Sasa Jumamosi wakusanyaji wenzake wanakuja kwake kuangalia sanduku, na zawadi ya mkwe hatakosa kuwatolea waishike. Wakiikuta bandia wataanza kuzitilia shaka na zile zake za halali, na mzee ataumbuka katika jambo pekee linalompa heshima tangu astaafu. Ninafikiria kuichukua kimya kimya kabla ya siku hiyo, halafu ionekane imepotea. Na jambo la mwisho, Shangazi, ambalo siwezi hata kuliangalia: chini ya yale maneno yangu kuna watu wawili wameandika kwamba wamenunua kwa sababu ya mkaguzi. Nifanye nini?

Mimi, mkaguzi niliyepitwa.

JIBU LA SHANGAZI

Bwana Gramu, nimecheka, kwa kuwa umenipa ruhusa. Nilipofika kwa wale watu wawili nikaacha.

Kwanza pole. Umetapeliwa na mtu anayekula kwa kazi hiyo, na wajuzi kuliko wewe wametapeliwa vilevile. Alijua watu hukimbilia mizani, akahakikisha mizani inaridhika. Madini mepesi kuliko fedha, ili yafikie uzito ule, lazima yanenepe au yatanuke, na hilo wewe ulilijua kabla yangu. Ulichokosa ni unyenyekevu wa kupima mara ya pili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, baba. Wauza maharage wakikuona leo wana haki ya kutabasamu.

Lakini hili la kuichukua kimya kimya limenikera. Yaani ili usionekane mjinga, umeamua kuwa mwizi? Tena nyumbani kwa wakwe? Ikipotea atashukiwa nani, kama si dada wa kazi au wajukuu? Aibu yako ibebe mwenyewe, usimtwike mtu mwingine.

Sasa isome tena barua yako, taratibu. Mzee ameshika sarafu za fedha tangu ujana. Kifuniko kilichofunga miaka yote kikagoma siku ile tu, naye akazisingizia mbao. Kisha akaitoa sarafu yako sandukuni na kuifungia mbali na zile za halali. Wewe ukadhani ni heshima. Mimi sikuwepo, ila nakwambia nijuavyo wazee: huyo alijua kabla sahani hazijaondolewa mezani. Sanduku lake ni safi, hana cha kuumbuka nacho Jumamosi. Anayekufichia aibu mbele ya mkeo na watoto wako ni yeye, na wewe unapanga kwenda kumwibia.

Kwa hiyo sikiliza. Ukimaliza kusoma hapa, kabla ya jambo lolote, rudi kwenye ule ukurasa. Andika kwa jina lile lile na cheo kile kile ulichojitapa nacho: nilikosea, uzito ni sawa lakini unene sio, msinunue. Watafute wale wawili, uwaambie wewe mwenyewe. Mshitaki huyo muuzaji kwa wenye soko la mtandaoni na kwa polisi, ukiwa na picha na ujumbe wote. Huenda usirudishiwe kitu, maana ulilipa kichochoroni. Mshitaki hivyo hivyo.

Nanyi mnaojisomea huku mkimcheka, tulieni. Msinunue sarafu kwa picha ya upande mmoja. Ombeni pande zote mbili na ukingo. Pimeni uzito, upana na unene, vyote. Sumaku ikiivuta, hiyo si fedha. Isipoivuta bado msishangilie, maana shaba nayo haivutwi. Muuzaji anayewaharakisha, au asiyekubali kurudishiwa mali yake, mwacheni na mali yake. Na bei ikiwa chini hata ya thamani ya madini yenyewe, jiulizeni yeye anapata faida wapi.

Nirudi kwako, mwanangu. Mweleze mkeo leo, na shemeji yako wa simenti umwombe radhi bila kuzunguka. Mficha uchi hazai. Kisha nenda kwa baba mkwe kabla ya Jumamosi, peke yako. Usianze na habari za tapeli wala za mtandao. Anza na "Baba, nilikupa bandia." Akikwambia alijua, nyamaza, umshukuru.

Na usiende mikono mitupu. Ile karatasi nyekundu unayowabandikia wauza maharage, chukua moja. Mwombe mzee afungue leso, uibandike juu ya sarafu kwa mkono wako mwenyewe, yeye akiangalia.